Sindano ya Mama Mkwe

Hezekiah Makhanu alitoka katika chumba cha sindano ameshika suruali kwa mkono wa kushoto na mkanda kwa mkono wa kulia. Hakukimbia, maana kukimbia kulimshinda tangu apasuliwe ngiri mwaka uliopita, lakini alitembea kwa namna iliyowafanya watu wote wa benchi wainue vichwa. Mke wake, Jescah, alikuwa amekaa mwisho wa benchi hilo, mkoba magotini, akitafuna nusu ya hindi la kuchemsha. Alikuwa amepewa na mwanamke wa Shinyalu ambaye hawakujuana hata kwa jina. Mwanamke huyo alilivunja hindi lake mwenyewe katikati bila kuulizwa.

"Umeshachomwa?" Jescah akauliza.

"Twende nyumbani."

"Nimeuliza kama umechomwa."

"Twende, Mama Tracy. Nitakuambia mbele."

"Mbele wapi? Tumetoka Malinya kukiwa giza. Nimekaa hapa mpaka nimejua majina ya watoto wa kila mtu kwa hii benchi. Mbele ni hapa."

Hezekiah aliutazama mlango aliotokea, kisha akainama polepole, akiuma meno kwa sababu ya kuinama, mpaka mdomo ukafika kwenye sikio la mkewe. "Ni mama," akasema.

"Mama gani?"

"Mama yako."

"Mama yangu yuko Iguhu anapalilia mboga."

"Yule mdogo. Teresa."

Jescah aliacha kutafuna.

Teresa alikuwa kitinda mimba wa kwao, mdogo wa mama yake Jescah. Kazi yake ilikuwa kutia watu ganzi, na alikuwa ameifanya miaka mingi huko Machakos. Walisikia kwamba atahamishwa arudi nyumbani, lakini hakuna aliyewaambia kwamba ameshafika. Hezekiah alikuwa amelala kitandani, mkanda umefunguliwa, shati limepandishwa. Mtu aliyevaa barakoa na kofia ya kijani akachukua kadi yake na kusoma kwa sauti: "Hezekiah Makhanu, Malinya. Makhanu yupi huyu? Si ni wa Jescah wetu?" Sauti hiyo aliifahamu. Alikuwa ameisikia siku ya mahari, kwenye mstari wa akina mama.

"Sasa akafanya nini?" Jescah akauliza.

"Akageuka, akatazama ukuta. Na mimi nikashuka."

Kwa watu wa huku mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawakai kiti kimoja, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha kando ya ua. Dada wa mama mkwe naye ni mama mkwe, hata kama ni mdogo kwa umri kuliko mkwe mwenyewe. Hilo Jescah alilijua tangu utotoni. Lakini alikuwa pia ameishi mwaka mzima na mtu anayelia akikohoa, na moyo wake ulikuwa umechoka.

"Baba Tracy, ulitoka kitandani na dawa imeshavutwa kwa sindano?"

"Ulitaka nilale hapo?"

"Nilitaka uchomwe."

Watu wa benchi walianza kucheka chini chini. Mwanamke wa Shinyalu hakucheka. Alisogea ili Hezekiah apate mahali pa kuegemea, akasema, "Pole, baba. Funga mkanda polepole," halafu akatazama upande mwingine mpaka akamaliza.

Muuguzi alitoka na kuita jina la Jescah. "Daktari anakusalimu," akasema, huku akijitahidi kuuzuia mdomo wake usitabasamu. "Anasema hawezi kutoka mpaka mkwe aondoke. Na anasema usiwe na hasira na yeye."

"Hakuna mwingine wa kuchoma hii sindano?"

"Ya mshipa wa fahamu? Hapa ni yeye tu. Labda muende Eldoret."

"Na huko ni lini?"

Muuguzi alifikiri kidogo. "Wakiwahi sana," akasema, "ni baada ya Krismasi."

*

Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Hilo ndilo lililomkosesha Jescah usingizi, kuliko hata aibu ya hospitalini. Hezekiah alikuwa mpishi wa shule ya upili ya wasichana, na kazi ya mpishi wa shule si kuonja chumvi. Ni kusimama mbele ya sufuria ya kumtosha ng'ombe, kushika mwiko mrefu kama jembe, na kusonga obusuma, ugali wa wasichana mia nne, mpaka uive. Mtu husonga kwa mikono, lakini nguvu zinatoka kiunoni. Ngiri yenyewe ilimtokea pale pale jikoni, siku alipoinua sufuria ya maharagwe.

Siku iliyofuata wapishi waliitwa kusafisha jiko kabla ya muhula. Naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Wanzala, aliingia na kusimama karibu na magunia, mikono nyuma.

"Makhanu, kile kidonda kilipona?"

"Kilipona, Mwalimu."

"Nilisikia ulipigwa picha."

"Nilipigwa."

"Ikaonyesha nini?"

"Haikuonyesha kitu."

"Sasa kinachouma ni nini?"

Hezekiah alitafuta maneno. Alikuwa ameyatafuta mwaka mzima, na kila mara yalikuwa madogo kuliko kitu chenyewe. "Ni hapa ndani, Mwalimu. Ni kama uzi wa moto. Mtu anauvuta."

Mwalimu Wanzala aliangalia mahali alipoonyeshwa, chini ya mkanda, halafu akahamisha macho haraka kwenye bomba la moshi. "Mimi pia goti linaniumanga," akasema. "Na ninafundisha."

Hakuwa mtu mbaya. Siku Hezekiah alipokwenda kupasuliwa, Wanzala ndiye aliyempeleka kwa gari lake mwenyewe, na hakutaja petroli. Lakini muhula uliopita wasichana walikula obusuma mbichi zaidi ya mara moja, wazazi wakaja na maneno, na aliyesimama mbele yao kuyapokea alikuwa yeye.

"Shika mwiko nione," akasema.

Sufuria ilikuwa imejazwa maji ya kulowesha ukoko. Hezekiah alipanda juu ya jiwe la kusimamia, akashika mwiko, akakoroga maji mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu uzi ukavutwa. Aliketi juu ya gunia kabla hajajua kwamba anaketi, jasho likamtoka kama mtu aliyemwagiwa maji.

Abigail, mpishi mwenzake, alichukua mwiko kutoka mkononi mwake kana kwamba ilikuwa zamu yake. "Huyu mtu hajakula tangu asubuhi, Mwalimu. Mtu akiwa na njaa hukaa chini hivyo."

"Abigail, wewe ni wakili wake?"

"Mimi ni mpishi."

"Basi pika." Wanzala akageukia mlango. "Makhanu, Jumatatu nataka mtu wa kusonga. Ukiwa ni wewe, sawa. Kama si wewe, kuna vijana wawili wameleta barua. Sipendi hii maneno, lakini unaniweka pabaya. Ugonjwa usioonekana hata kwa picha, nitawaelezaje wazazi?"

Alipoondoka, Abigail alimpa Hezekiah kisu na kichwa cha kabichi akate, ili mtu akipita amkute na kazi mkononi.

*

Nyumbani Hezekiah hakuvaa suruali. Ukingo wa suruali ulikuwa unagusa pale penye uzi, kwa hiyo alikuwa anajifunga leso ya mkewe, ya rangi ya machungwa. Kila mtu alipobisha hodi, alikuwa anainuka na kuingia chumba cha ndani. Jioni hiyo alikuwa amekaa upande upande kwenye kochi, na Jescah alikuwa anachambua mboga kwa hasira, akitupa majani mazuri pamoja na mabaya.

"Atavaa glavu," akasema.

"Glavu si ukuta."

"Hatakugusa. Glavu ndiyo itakugusa."

"Na ndani ya glavu kuna nani?"

"Kuna mtu anayejua kazi."

"Kuna mama yako, Mama Tracy. Nikilala pale, siku ya matanga ya watu wenu nitaingia boma lile na uso gani? Watoto watasema, huyo ndiye aliyemvulia mama mkwe suruali."

"Na Jumatatu jioni, ukirudi bila kazi, utaingia hili boma na uso gani?"

Hezekiah alitaka kukohoa, na Jescah alijua kwa sababu alimwona ameshika mto na kuukandamiza tumboni. Akaacha mboga, akaja akaushika mto pamoja naye mpaka kikohozi kikapita. Kisha akarudi kwenye mboga zake na hasira yake.

"Kesho naenda Iguhu," akasema.

"Usimwambie mama."

"Nitamwambia kila kitu."

*

Rosebella, mama yake Jescah, alikuwa ameshapata habari. Teresa alikuwa amempigia simu siku ile ile. Alimpokea binti yake mlangoni, akamkalisha, akamtilia chai, na uso wake ulikuwa unang'aa.

"Nimefurahi sana," akasema.

Jescah aliweka kikombe chini. "Umefurahia nini, mama?"

"Mkwe wangu. Siku hizi vijana wanawapigapiga mama wakwe mabegani kanisani, wanawaita 'maza'. Wako amemwona mdogo wangu akashuka kitandani na maumivu yake yote. Nimewaambia wanawake wa maombi. Wote wamesema huyo ni mkwe."

"Mama, huyo mkwe anavaa leso yangu."

"Leso?"

"Suruali inamuuma. Anajifichanga chumbani watu wakibisha. Jana amekaa kwa gunia mbele ya naibu. Jumatatu watampa mtu mwingine mwiko wake. Hiyo heshima unayofurahia, mimi ndiye ninayelala nayo. Inalia usiku."

Rosebella alizungusha kikombe chake kwenye kisahani. Alikuwa mwanamke mwenye kupenda mambo yawe mahali pake, na hapa kulikuwa na mambo mawili yaliyotaka mahali pamoja.

"Kwani hawana daktari mwanamume?"

"Wako. Hawajui hii."

"Na Eldoret?"

"Mama."

"Nauliza tu." Alichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akatafuta jina, akaiweka mezani ikiwa na sauti ya nje.

"Dada," sauti ya Teresa ikasema, "amekubali?"

"Kukubali nini? Nani amekuuliza? Jescah yuko hapa analia."

"Silii," Jescah akasema.

"Halii, lakini yuko karibu. Teresa, hii kitu haiwezi kufanywa na mtu mwingine? Wewe umwonyeshe?"

Teresa alivuta pumzi. "Hata mimi nililifikiria hilo. Dada, nimechoma wachungaji na majaji. Sijawahi kukimbiwa. Niliposoma lile jina, hata mimi niligeukia ukuta. Nimesoma, lakini nilizaliwa hapo Iguhu." Akakohoa kidogo. "Kuna kijana mzuri wa kiume hapa, George. Yeye ashike sindano. Mimi nisimame nyuma ya pazia nimwambie mahali. Jescah akae katikati."

"Huyo George ni wa wapi?"

"Busia."

"Ameoa kwetu?"

"Hajaoa kabisa."

"Basi si mkwe wa mtu," Rosebella akasema, na sura yake ikatulia. "Iwe kesho, Ijumaa. Na huyo kijana hatafanya kazi bure. Nitampelekea ingokho."

"Dada, hospitali haipokei kuku."

"Sijaipa hospitali. Nimempa George."

*

Ijumaa asubuhi askari wa geti la hospitali alimzuia Jescah, aliyebeba kuku wa mama yake. "Kuku haingii," akasema.

"Si wangu. Ni wa George."

"Hata awe wa gavana."

Lakini alimchukua kuku, akamfunga mguu kwenye kiti chake kivulini, akamwekea maji kwenye kifuniko cha chupa. "Mtamkuta hapa," akasema. "Ingieni, mzee anaumia akisimama."

Chumbani walikuwa wamevuta pazia la buluu. Chini yake vilionekana viatu vyeusi vya kike, vimesimama pamoja, vimetulia. Hezekiah alivitazama viatu hivyo, akapanda kitandani akiwa amevipa mgongo. Jescah alikaa kwenye stuli, pale pazia lilipoishia, aone pande zote mbili.

George alikuwa mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Alimfunika Hezekiah kitambaa cha kijani chenye tundu katikati. Tundu lenyewe lilikuwa la ukubwa wa kiganja, akaliweka juu kidogo, ndani ya mfupa wa nyonga, pale mkanda unapopita.

"Ni hapo tu?" Jescah akauliza.

"Ni hapo tu, mama."

"Mshipa unapita hapo," Teresa akasema kutoka nyuma ya pazia. "Unashuka chini, lakini tunauvizia juu. Ulinaswa kwenye kovu, kwa hiyo kila akijipinda unavutwa. Picha haiwezi kuonyesha."

Jescah alimgeukia mumewe polepole. "Baba Tracy. Wewe ulidhani ni wapi?"

Hezekiah alitazama dari.

"Mwambie mumeo," Teresa akasema, "aonyeshe mahali panapouma zaidi. Kwa kidole kimoja."

"Anasema uonyeshe kwa kidole kimoja," Jescah akasema.

"Nimesikia," Hezekiah akamwambia Jescah.

"Amesikia," Jescah akamwambia pazia.

George alipima kwa vidole kutoka kwenye mfupa, akapangusa, akachoma. Hezekiah alifumba macho. Teresa aliuliza kama George amesikia sindano ikipenya, kama mtu anayetoboa karatasi nzito; George akasema amesikia, kisha akasema anafikiri amesikia. Dawa iliingia. Wakangoja. George akagusa ngozi kwa pamba yenye spiriti.

"Muulize kama ni baridi," Teresa akasema.

"Ni baridi?"

"Hapana. Pamekufa."

"Mwambie akohoe."

Hezekiah alikohoa, na uzi ukavutwa kama siku zote. Aligeuza uso ukutani. Jescah aliona mkono wake umeshika ukingo wa kitanda.

"Imeshika ngozi tu," Teresa akasema nyuma ya pazia. "Haikufika. Si kosa lako, George. Mimi nilikosea mara nyingi kabla sijaujua mkono wangu. Kitu hiki ni cha kusikia kwa vidole, siwezi kukupa kwa maneno." Kisha akasema, "Jescah, mwanangu, sikiliza. Dawa hii ina kipimo chake, ikizidi inaingia moyoni. Leo imebaki ya mara moja tu. Ikikosa, ni kurudi Alhamisi ya wiki ijayo. George anaweza kujaribu tena. Muulize mumeo anataka nini."

Viatu vyeusi havikusogea.

Jescah alikuwa na maneno mengi, ameyabeba tangu Jumanne. Alitaka kusema kuhusu leso, na mto, na gunia, na vijana wawili wenye barua. Aliuona ule mkono kwenye ukingo wa kitanda, akayaacha yote. "Umesikia," akasema tu.

George alijifanya anapanga pamba.

"Nipe leso," Hezekiah akasema.

"Leso ya nini?"

"Nifunike uso."

Jescah alitoa leso yake mkobani, akamfunika mumewe kuanzia kwenye paji la uso mpaka kifuani. Chini ya leso sauti yake ilitoka ndogo. "Mwambie mama aje."

Pazia lilisogea. Teresa alikuja na barakoa yake na kofia yake, akavaa glavu mpya, na akamwomba George asimame mahali ambapo mwili wake ungemkinga Hezekiah na kila kitu kisichokuwa lile tundu. Hakuangalia leso. Hakuangalia miguu. Aliweka kidole kwenye mfupa, akakiteremsha, akakisimamisha, na Jescah akaona kwamba midomo yake nyuma ya barakoa ilikuwa inasogea. Hakujua kama ni sala au hesabu.

"George, weka mkono juu ya wangu. Usikie." Sindano ikaingia. "Hapo. Na sasa hapo. Umesikia mara mbili?"

"Nimesikia," George akasema, na safari hii hakusema anafikiri.

Teresa alipomaliza alirudi nyuma ya pazia bila kugeuka, na viatu vikasimama pale pale vilipokuwa.

Waliambiwa wangoje. Nje, mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu linalolia. Baada ya muda Hezekiah alikohoa kidogo chini ya leso. Akanyamaza. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Kisha akakohoa kwa kifua chote, mara kadhaa mfululizo, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni na kuuliza kama huyo mgonjwa amepimwa kifua kikuu.

Alijitoa leso usoni. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na alikuwa anatazama dari kama mtu aliyeiona kwa mara ya kwanza. "Mama Tracy," akasema. "Mwambie mama nimekohoa."

"Nimesikia, mwanangu," Teresa akasema.

Hakuna aliyetaja kwamba neno hilo halikupitia kwa Jescah. Teresa aliendelea haraka haraka, sasa akimwambia Jescah: mguu unaweza kulegea mpaka jioni, amshike asianguke. Ganzi itaisha, na maumivu yatarudi, wasije wakalia kwamba wameibiwa. Mara nyingi yanarudi madogo. Watachoma tena Alhamisi, na tena, na wataona. Wengine hupata nafuu ya miezi, wengine hawapati. Asiinue kitu kizito. Akichoka, aseme.

"Kwani ni mtu wa kusema huyu?" Jescah akasema, lakini alikuwa ameushika mkono wa mumewe kwa mikono yake yote miwili.

*

Maumivu yalirudi Jumamosi, kama walivyoambiwa. Jescah alimwona mumewe amesimama mlangoni na mkono kiunoni, akaanza kukasirika upya, kwanza na dawa, kisha na Teresa, kisha na George na kuku wake. "Ngoja," Hezekiah akasema. "Ni kama mtu aliyekuwa analia hapa sebuleni. Sasa analia chumba cha pili." Akaenda akavaa suruali, akatembea nayo mpaka kwenye ua na kurudi.

Jumatatu sufuria ilichemka. Hezekiah alipanda kwenye jiwe, akashika mwiko, akasonga. Alisonga mpaka unga ukaanza kuwa mzito, na uzi ukaanza kujinyoosha ndani yake. Kwa mara ya kwanza hakungoja uvutwe. Aliteremka, akampa Abigail mwiko, naye Abigail akaupokea bila neno. Walikuwa wamekubaliana hivyo alfajiri: yeye aanze, Abigail amalizie, na kabichi zote za muhula ziwe za Hezekiah.

Mwalimu Wanzala alikuwa mlangoni. Alikuwa ameona yote.

"Nusu sufuria, Makhanu," akasema.

"Nusu, Mwalimu. Na Alhamisi sitakuwepo. Nina sindano."

"Sindano gani tena?"

"Ya ganzi. Nilichomwa Ijumaa. Inasaidia, lakini ni ya kurudia."

Wanzala alifunga macho kidogo, kama mtu anayeomba subira. "Makhanu. Leo sindano, kesho picha, keshokutwa sijui nini. Mimi nitajuaje kama si hadithi? Nani anakuchoma? Nipe jina nimpigie."

Hezekiah alifuta mikono yake kwenye aproni. Alikuwa ameapa kwamba jikoni hatalisema. "Ni mama mkwe wangu," akasema.

Mwiko wa Abigail ulisimama ndani ya obusuma.

"Mkwe wa kuitwa tu?" Wanzala akauliza.

"Mkwe. Mdogo wake mama Jescah. Siku ya mahari alikaa mstari wa mbele."

Wanzala alikuwa mzaliwa wa Malinya. Yeye na mama mkwe wake walikuwa wanasali kanisa moja, na kwa miaka yote hiyo walikuwa wanatokea milango tofauti. Aliangalia mahali alipokuwa ameonyeshwa wiki ile, na safari hii hakuhamisha macho haraka.

"Akakuchoma huko?"

Hezekiah hakumweleza habari za mfupa wa nyonga wala mkanda unapita wapi. "Huko," akasema.

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Na mimi ndiye niliyemwita."

Naibu wa mwalimu mkuu alitazama huku na huku, akaona kiti cha plastiki alichokuwa anakalia mwenyewe akija kuhesabu magunia, akakichukua, akakipangusa unga kwa kiganja, akakiweka mbele ya Hezekiah.

"Keti, Makhanu," akasema. "Kumbe unaumwa kweli."